Binti wa Tanga, anwani ya Istanbul: uchambuzi wa kisa kimoja

## Kuhusu kisa hiki

Nafundisha sekondari hapa Tanga, na kazi ya pembeni iliyonishika kwa miaka mingi ni kuwasaidia wanaomaliza kidato cha sita kutafuta nafasi za masomo nje ya nchi. Kisa hiki ni cha mmoja wao. Nimeondoa jina lake, chuo, fani, mtaa aliokaa kule na mtaa wa kwao hapa. Mama yake alisomewa maandishi yote. Akataka nibadilishe mambo mawili, nikayabadilisha. Binti mwenyewe aliniambia, "Mwalimu, andika. Ila usiandike kwamba nilikuwa mjinga."

Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa mwanafunzi makini kuliko wengi niliowasindikiza, na bado alifika siku 11 kabla ya kuwa mhamiaji haramu bila mtu hata mmoja wa kwao kujua.

## Usuli

Alikuwa na miaka 20 alipopata nafasi mwaka 2023 katika chuo cha binafsi jijini Istanbul, kwa punguzo la nusu ya ada. Masomo yake ni kwa Kituruki, kwa hiyo mwaka wa kwanza mzima ulikuwa wa kujifunza lugha. Baba yake alishafariki. Mama ni fundi cherehani, anashona barazani kwake madera na sare za shule, na Idd ikikaribia taa yake haizimwi mpaka saa nane usiku.

Nusu ya ada iliyobaki, tiketi na fedha ya kuanzia maisha vilitoka kwa watu. Mjomba mwenye shamba Muheza aliuza machungwa yakiwa bado mtini. Wanawake wa mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu walikubali kumpa mama zamu yake mapema, ingawa alikuwa wa tisa kwenye orodha. Shangazi wa Pangani alileta laki mbili zimefungwa kwenye pindo la khanga. Usiku wa kuamkia safari ilisomwa dua barazani, ukapikwa wali wa nazi, na kila mzee aliyemshika mkono alimwambia neno lile lile: "Usituangushe, mwanetu." Na mimi nililisema.

Upande wa karatasi tulijiandaa vizuri. Vyeti vya Baraza la Mitihani vilipigwa mihuri Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Uturuki Dar es Salaam, vikatafsiriwa, vikathibitishwa. Orodha yangu ya maandalizi ilikuwa na vipengele 43, hata soksi za sufu zilikuwamo. Kuhusu jiji lenyewe nilimwambia machache. Istanbul ina watu zaidi ya milioni 15, na Jiji la Tanga kwa sensa ya 2022 halifikishi laki nne. Badala ya kumweleza tofauti hiyo inamaanisha nini kwa mtu anayetafuta chumba, nilimtuliza. Kule ni kwa Waislamu wenzetu, nikamwambia, adhana utaisikia mara tano, utajiona uko nyumbani.

## Yaliyotokea

Mwezi Agosti, akiwa bado Tanga, aliona tangazo la chumba kwenye simu. Picha nzuri, dirisha linaangalia maji, bei inaingia mfukoni. Mwenye tangazo alimwandikia kwa Kiingereza kizuri kwamba vyumba vinagombewa na inabidi atume dola 200 kukishika. Kule fedha hiyo huitwa kapora. Sisi tungeiita arubuni. Utapeli wa kapora unajulikana sana Uturuki, na Waturuki wenyewe wanaibiwa kwa njia hiyo hiyo. Yeye hakujua, wala mimi sikujua. Alituma kutoka kwenye fungu la mjomba. Kwa kiwango cha siku zile ilikuwa kama nusu milioni ya shilingi.

Alitua mwishoni mwa Septemba. Namba ya mwenye chumba haikupokelewa uwanja wa ndege, haikupokelewa jioni, na asubuhi yake ikawa haipo kabisa. Usiku ule alipokewa na mwanafunzi wa Kizanzibari aliyempata kupitia kundi la WhatsApp la Watanzania wa kule. Alilala kwake siku mbili. Siku ya tatu akapata kitanda katika chumba cha wasichana watatu, nyumba ya chini ya ardhi, dirisha liko usawa wa viatu vya wapita njia. Hapakuwa na mkataba. Alilipa mkononi kwa msichana aliyetangulia, ambaye naye alilipa kwa mtu mwingine.

Jioni hiyo mama alipiga simu kuuliza kama chumba ni kizuri. Akajibu, "Kizuri, mama. Kina dirisha."

Naona kisa chote kimeanzia kwenye jibu hilo, kuliko hata kwenye zile dola 200.

Wiki za mwanzo zilikuwa na furaha ya kweli, na sitaki isahaulike. Darasani aligundua kwamba tayari anayajua maneno ambayo wenzake kutoka nchi nyingine walikuwa wanayakariri: kitap, saat, haber, dünya, hesap, sabun. Yote yamepita kwenye Kiarabu yakafika kwao na kwetu. Siku moja alimsikia mtoto wa miaka kumi akimwambia mzee "merhaba", akashtuka, maana kwetu marahaba ni ya mkubwa anapoitikia shikamoo. Kule ni salamu ya yeyote kwa yeyote. Alifurahi kuona vijana wakibusu mkono wa mkubwa na kuuweka kwenye paji la uso, kama watoto wetu wanavyombusu mkono maalimu. Alipanda kivuko kutoka Kadıköy kwenda Eminönü, kutoka Asia hadi Ulaya kwa nauli ya mjini, akapiga picha nyingi sana siku moja ya jua. Picha hizo zitarudi.

Oktoba ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni iliwataka wapya wote walete faili la kibali cha kukaa: pasipoti, barua ya chuo, bima, picha, na uthibitisho wa anwani. Alipeleka vyote isipokuwa cha mwisho. Hapo ndipo alipoelezwa jambo ambalo halikuwa kwenye vipengele vyangu 43. Kuanzia Julai 2022 serikali ya Uturuki ilifunga kuandikisha wageni wapya katika mitaa ambayo wageni wamezidi asilimia 20 ya wakazi. Nchi nzima mitaa ya aina hiyo ilipita elfu moja, na mtaa aliokuwa akikaa ulikuwamo. Hata angekuwa na mkataba wenye mihuri, mfumo usingempokea.

Alifanya kile ambacho mtoto yeyote wa Tanga angefanya. Alikwenda kwa muhtar, ambaye ni kama mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, akitarajia barua ya utambulisho. Kwetu mwenyekiti anakujua, au anamjua anayekujua, anaandika mistari mitano, anapiga muhuri, mambo yanasogea. Muhtar alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akamuuliza habari za nchi yake, akamwita misafir. Binti alidhani maana yake ni msafiri, akaona si neno zuri sana. Kumbe ni mgeni aliyekaribishwa nyumbani. Mzee yule alimheshimu kwa dhati. Kisha akamgeuzia kompyuta aone mwenyewe kwamba mtaa umefungwa na yeye hana kitufe cha kuufungua.

Alitoka pale akiwa na hakika kwamba atapata njia nyingine wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa Novemba.

Sasa alikuwa na jambo moja kichwani: arejeshe zile dola 200, ndipo aseme. Bei zilikuwa zinapanda mbele ya macho yake. Mfumuko wa bei Uturuki ulifunga mwaka 2023 karibu asilimia 65. Alipunguza chakula hadi mkate, dengu na chai. Halafu mwenzake wa chumbani akamwambia kuna karakana ya nguo inayotafuta mikono Jumamosi na Jumapili. Binti wa fundi cherehani, mashine anaijua tangu utotoni. Alilipwa kwa siku, bila karatasi. Sheria ya kule haimruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya kazi katika mwaka wake wa kwanza, na baada ya hapo ni kwa kibali tu. Hilo alilijua. Aliniambia baadaye kwamba kila mlango wa karakana ulipogongwa, sindano ilimchoma moyoni kabla ya kidole.

Disemba ikaja na giza. Uturuki inatumia saa ile ile kama sisi mwaka mzima tangu 2016, kwa hiyo mama akimpigia saa kumi na mbili asubuhi, jua la Tanga linachomoza, na kule saa ni hiyo hiyo lakini jua litatoka karibu saa mbili na nusu. Katika chumba cha chini ya ardhi hata saa mbili na nusu haina tofauti kubwa. Alianza kukosa vipindi vya asubuhi. Nyumbani hakuna aliyejua, kwa sababu kila baada ya siku mbili alikuwa anaweka stetasi mpya ya WhatsApp: yuko kivukoni, maji ya buluu, ndege weupe, anacheka. Mama alikuwa anawaonesha wateja.

Aliyegundua ni mama, na aligundua kwa jicho la kazi yake. Kwenye kila picha binti alikuwa amevaa dera moja la kijani. Mama alilishona mwenyewe na anajua upindo wake ulivyokaa siku alipolimaliza. Picha ya Septemba na picha ya Disemba, upindo ule ule, mkunjo ule ule begani, mkufu umelala upande ule ule. Tena redioni alikuwa amesikia Ulaya kuna baridi kali, na mwanawe hana hata sweta. Alifunga cherehani mchana, akaja shuleni kunitafuta. Alisalimia, akakaa, akanionesha simu. "Mwalimu, hizi picha ni za siku moja. Mwanangu ana miezi mitatu hajanipigia picha."

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa nani ampigie. Mama alitaka apige papo hapo. Nilimwomba anipe usiku mmoja, kwa hoja kwamba binti akisikia sauti ya mama atasema "niko salama" kabla hata hajafikiri. Mama alikubali kwa shida. Nilipiga saa tatu usiku na sikumuuliza hali. Nilimuuliza tarehe visa yake inakoisha. Akanyamaza, kisha akaitaja. Zilikuwa zimebaki siku 11. Baada ya tarehe kutoka, mengine yalitoka yenyewe, kwa saa moja na nusu, na kilio kimo ndani.

La pili lilikuwa anwani. Alikuwa ameshapata mtu wa kumuandikisha kwenye nyumba asiyoishi, mtaa ulio wazi, kwa dola 150. Alikuwa karibu kukubali. Dada wa Kizanzibari alimkataza kabla yangu, na sababu aliyotoa ilikuwa bora kuliko yoyote niliyokuwa nayo: maofisa huweza kuja kuangalia kama unaishi pale, na anwani ya uongo ikigundulika kibali chote kinaweza kufutwa, kisha kila faili lako la baadaye linaanzia hapo. Tuliamua ahamie hosteli ya wasichana iliyosajiliwa, ambayo inatoa barua yenye muhuri kwamba mwanafunzi anaishi kwao. Hosteli ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya kile kitanda, ila milo miwili imo.

Fedha ilitoka wapi? Mama alikuwa na cherehani mbili. Aliuza ile ya kudarizi. Nilimshauri tuitishe kwanza kikao cha ukoo, akanikatalia. Alisema kikao kitachukua wiki mbili na mwanawe ana siku kumi. Alikuwa sahihi, na ninaandika hivi nikijua cherehani ile hajairudisha hadi leo.

Kuacha karakana hatukujadiliana sana. Aliacha siku iliyofuata. Alikuwa anadai malipo ya wiki mbili na akaamua asiende kuyadai, asije akajikuta kwenye mabishano na mtu anayejua hana kibali. Nilimuunga mkono. Wenzangu wawili niliowasimulia wanaona tulimwachia mdhulumaji jasho la mtoto, na hoja yao naiheshimu, lakini kwa siku zile kumi nisingeamua tofauti.

Uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa nani amwambie mjomba kuhusu kapora. Mimi nilipendekeza mama, kwa upole, baada ya kibali kupatikana. Binti akakataa. Akasema, "Fedha nilipewa mimi mkononi, nitasema mimi." Alimpigia siku ya Ijumaa baada ya swala. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama anajua hayo ni machungwa mangapi, akakata simu.

## Matokeo

Ombi la kibali liliingizwa kwenye mfumo siku nne kabla ya visa kuisha, na stakabadhi ya maombi ikamruhusu kukaa akisubiri. Kadi yenyewe ililetwa na posta mwezi Machi 2024.

Bima ya afya ya serikali tuliikosa. Mwanafunzi wa kigeni anatakiwa kuiomba ndani ya miezi mitatu tangu ajiandikishe chuoni, na akipitisha muda huo haki inapotea kwa kipindi chote cha masomo. Mambo ya anwani na namba ya kitambulisho yalipokaa sawa, miezi mitatu ilikuwa imekwisha. Sasa hivi anatumia bima ya kampuni binafsi, ambayo kwa umri wake si ghali ila haikubaliki kila hospitali. Akiumwa sana siku moja, tutaikumbuka Disemba ile.

Simu tuliiwahi. Simu iliyotoka nje inafanya kazi na laini ya Kituruki kwa siku 120, kisha inafungwa mpaka ulipie usajili, na ada hiyo mwaka 2024 ilizidi lira 30,000, zaidi ya bei ya simu yake yote. Mwisho wa Januari, kabla ya kufungwa, alinunua simu ndogo ya pale pale iliyokwishatumika na ambayo ilishasajiliwa. Ile ya Tanga anaitumia palipo na intaneti isiyotumia laini.

Mtihani wa Kituruki wa muhula wa kwanza aliufeli. Wa pili aliupita. Hosteli ilikuwa na mhudumu wa jikoni ambaye binti alianza kumwita teyze, yaani mama mdogo, na jioni alikuwa anakaa naye wakimenya viazi. Anasema Kituruki chake kilitoka jikoni. Sasa yuko ndani ya fani yake.

Mjomba hajachangia tena. Idd wanasalimiana. Mama anasema atalainika. Miye naona jeraha lake ni la kuwa wa mwisho kujua, na hilo tungeweza kulizuia.

## Uchambuzi

Ukisoma kisa hiki haraka utasema tatizo lilikuwa tapeli wa chumba. Mimi naona tapeli alichukua dola 200 tu. Mengine yote, chumba kisicho na anwani, kazi isiyo na kibali, bima iliyopotea, muhula uliofeli, yalilipwa kwa ajili ya kuficha zile 200. Angesema siku ya kwanza, mama angeumia, mjomba angefoka, na mwezi Oktoba angekuwa hosteli.

Kwa nini hakusema? Nimemuuliza mara nyingi. Jibu lake halibadiliki: kila alipotaka kusema alikuwa anaiona ile baraza, watu wamekaa kwenye mikeka, na neno usituangushe. Mtu aliyesomeshwa na baba yake anaweza kukosa mbele ya baba yake. Yeye alichangiwa na watu zaidi ya arobaini, na hakuona anamkosea nani hasa, aanzie kwa nani kuomba radhi. Wachangiaji hawakuwa na nia mbaya hata mmoja. Lakini tulimkabidhi fedha na tukamkabidhi na sifa, na hatukumpa mlango wa kutokea endapo kimojawapo kitaharibika. Hapo ndipo naona kosa letu, na mimi nikiwa mbele kabisa, kwa kuwa wengine walikuwa wanaaga mtoto, mimi nilikuwa mtu wa kazi hiyo.

Kosa langu la pili ni yale maneno kwamba atajiona nyumbani. Nilidhani nampunguzia hofu. Kilichopungua ni tahadhari yake. Mwanafunzi wetu anayekwenda Ujerumani au China anaondoka akijua kila kitu ni kigeni, anauliza hadi jinsi ya kupanda basi. Huyu alifika akisikia adhana, akionja chai, akiokota maneno aliyoyazoea, akaamini kwamba na taratibu za kuishi zitakuwa zile zile: utafika, utaonekana, utajulikana, mtu atakusemea. Hata dini yenyewe ina sura yake kule. Wengi wao ni Hanafi, sisi wa pwani ni Shafi, na alipoona tofauti ndogo kwenye swala alizipokea kwa urahisi kwa sababu maalimu alishamtayarisha. Maalimu wake alimtayarisha kwa tofauti. Mimi nilimtayarisha kwa kufanana.

Na suala la anwani linastahili kuelezwa taratibu kwa wazazi wa hapa, kwa sababu kwetu halina uzito huo. Ukiuliza nyumba ya mtu Ngamiani, hapa mjini Tanga, utaambiwa barabara ya ngapi, halafu ulizia pale kwa muuza mbaazi. Inatosha. Istanbul, anwani iliyoandikishwa ndiyo inayozaa kibali, kibali kinazaa namba ya kitambulisho, na namba inafungua bima, akaunti ya benki na mambo mengi ya serikali. Ukikosea mwanzo wa mnyororo, huwezi kurekebisha katikati. Tena ukihama, unatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 20 za kazi. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu chumba chochote kule, kabla ya bei na kabla ya dirisha, ni hili: naruhusiwa kuandikishwa hapa? Na fedha haitoki mfukoni kabla hujakanyaga sakafu ya chumba hicho. Hosteli kwa miezi mitatu ya kwanza, hata kama ni ghali, ingekuwa nafuu kwa binti huyu kuliko alivyoishi.

Yaliyofanya kazi yalikuwa machache lakini yenye nguvu. Kuanza na tarehe badala ya hisia kulimsaidia kuzungumza. Tarehe haina aibu. Dada wa Kizanzibari, ambaye hakuwa na deni wala undugu, alikuwa msaada kuliko ukoo mzima kwa sababu kwake binti hakuwa ameahidi chochote. Alikuwa amefika miaka miwili kabla yake na alikuwa anazijua ofisi kwa miguu yake. Ubalozi wetu uko Ankara, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na binti alidhani uko Istanbul. Mtu wa karibu aliyetangulia ndiye ubalozi wa siku za mwanzo.

Na mama. Sina neno la kitaalamu la kueleza alichokifanya. Alitazama kazi ya mikono yake kwenye picha akajua mwanawe hayuko sawa.

Kuhusu uamuzi wa kumwambia mjomba mwenyewe, nimebadilika mara mbili. Mwanzoni niliona ameharibu. Msaada wa fedha ulikatika kwa simu moja ambayo mama angeweza kuipooza. Baadaye binti aliniambia kwamba usiku wa Ijumaa ile ndio wa kwanza kulala moja kwa moja tangu Septemba. Siku tatu baadaye akarudi darasani asubuhi, gizani. Sijui kama kungekuwa na muhula wa pili bila simu ile.

## Tulichobadilisha

Orodha yangu sasa imebadilika. Nimeondoa soksi. Nimeongeza anwani, miezi mitatu ya bima na siku 120 za simu, na namba za wanafunzi wawili waliotangulia katika jiji analokwenda, mmoja wao asiwe ndugu.

Jambo moja lilitoka kwa mama. Wazee wanasema kuteleza si kuanguka, na yeye akapendekeza kwamba kila mtoto anayechangiwa atengewe fungu la kuteleza. Tunalisema hadharani siku ya dua, wachangiaji wote wakisikia: katika fedha hii, dola 200 ni za kupotea. Zikipotea hutaulizwa zimepoteaje, unachotakiwa ni kupiga simu ndani ya wiki moja na kusema zimekwenda. Mwanzoni wanaume wawili walipinga, wakisema tunamfundisha mtoto kupoteza. Mama akawaambia aliuza cherehani kwa sababu hapakuwa na fungu hilo. Wakanyamaza.

Septemba 2024 tulimsindikiza kijana mwingine, jiji lingine. Wiki ya tatu alipiga simu saa mbili usiku, akasalimia, akasema, "Mwalimu, fungu limekwenda. Nusu yake." Nikamuuliza amelala wapi. Akanitajia anwani, na namba ya nyumba.